Nimestaafu na nimerudi kwenye kamera ya mkanda: joto, maji na macho ya mtu wa miaka sitini

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote.

Nilistaafu mwaka 2022 baada ya kutimiza miaka 60, na utumishi wangu wote ulikuwa wa kupiga picha za eksirei. Walioanza kazi hiyo miaka ya themanini kama mimi watakumbuka kwamba wakati ule picha ya mfupa haikutokea kwenye kioo cha kompyuta. Tuliingia nayo chumba cha giza, tukaichovya kwenye tangi la develapa, dawa inayoitokeza picha, tukaisuuza, tukaihamishia kwenye fiksa, dawa inayoifanya isiharibiwe tena na mwanga, kisha tukaianika, na jioni tulirudi nyumbani mikono ikinuka fiksa. Mashine za kidijitali zilipokuja, chumba kile kikafanywa stoo, nami nikafurahi pamoja na wenzangu kwa kuwa mgonjwa alipata majibu upesi. Nilipokaa nyumbani bila zamu ya kuingia wala kutoka ndipo nilipotambua kwamba mikono yangu ilikuwa inaitafuta kazi ile.

Kamera niliyorudi nayo ni Zenit E ya marehemu kaka yangu. Alikuwa mwanafunzi Moscow mwaka 1980, mwaka ambao Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliipatia Tanzania medali zake za kwanza za Olimpiki katika mji huohuo, na kamera yake ni ya toleo lililochorwa nembo ya michezo ile. Ni chuma kizito kisichotumia betri hata moja. Shata yake, yaani pazia linalofunguka na kujifunga kuingiza mwanga, huenda kwa springi, kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde, na mita yake ya mwanga huendeshwa na kipande cha seleni ambacho huzalisha umeme kidogo kinapopigwa na jua. Seleni hiyo imechoka na mita haiaminiki tena, lakini shata ilihitaji kusafishwa tu, kazi ambayo fundi saa wa mtaani kwetu aliifanya kwa siku mbili na kwa heshima kubwa.

Ninachotaka kukisema ni hiki. Mstaafu anao muda na utulivu ambao mkanda unautaka, na kamera nzuri za zamani bado zimelala kwenye makabati ya watu. Kinachowarudisha nyuma wengi wanaojaribu huku Pwani ni mwongozo. Miongozo ya kusafisha mkanda iliandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa ajili ya vyumba vya nyuzi 20 vyenye maji ya bomba yasiyokatika, na anayeifuata neno kwa neno katika nyumba yenye maji ya nyuzi 28 ataharibu mikanda mitatu ya kwanza na kuamini kwamba amezeeka. Hajazeeka, amepewa hesabu ya nchi nyingine.

Mkanda wangu wa kwanza, hata hivyo, niliuharibu kwa kosa langu mwenyewe. Filamu nyingi za eksirei tulizotumia hazikuwa na macho ya kuona mwanga mwekundu, kwa hiyo miaka yote tulifanya kazi chini ya taa nyekundu. Mkanda wa kawaida wa picha nyeusi na nyeupe unaona rangi zote, nyekundu ikiwemo, na unahitaji giza tupu. Nililijua hilo kwa kusoma. Lakini enzi zile mikanda yangu ya nyumbani niliipeleka studio kusafishwa, na nilipoingia chooni na tangi usiku ule mkono wangu uliwasha taa nyekundu wenyewe, kama ulivyofanya kwa miaka ishirini. Picha 36 za harusi ya binti wa jirani zilitoka nyeusi mwanzo hadi mwisho, na ilinibidi niende kuwaambia wazazi wake. Waliokuwa radiografa wanielewe: mazoea ya kazi nzuri yanaweza kuwa hatari katika kazi iliyo jirani nayo.

Sasa nieleze juu ya joto, maana hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Mimi hutumia mkanda wa Ilford HP5 Plus wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wa mkanda kuona mwanga), ambao mpwa wangu huniletea kutoka Uingereza, na dawa ya unga ya ID-11, ambayo kwa utendaji haina tofauti na D-76 ya Kodak. Dawa hiyo ikitumika bila kuongezwa maji, mwongozo unataka dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hupunguza muda kwa takriban sehemu moja ya kumi. Piga hesabu ya nyuzi 28 na utaona kwamba muda unashuka hadi dakika 3 na kidogo. Huo ni mfupi mno, kwa sababu muda ukiwa chini ya dakika 5 dawa haipati nafasi ya kufanya kazi sawasawa kila mahali, na anga la picha hutoka na mawimbi na madoa hasa pembeni mwa matundu ya mkanda.

Njia niliyoifikia ina hatua mbili. Kwanza, dawa naichanganya nusu kwa nusu na maji. Kwa mchanganyiko huo muda wa nyuzi 20 ni dakika 13, kwa hiyo hata joto likipanda bado kuna nafasi. Pili, sihangaiki kuifikia nyuzi 20, naitafuta 24. Maji ya mtungi wa udongo uliokaa usiku kucha mahali penye upepo huwa yamepoa nyuzi kadhaa kuliko ya ndoo ya plastiki, na alfajiri ya mwezi wa saba yangu hufika 24 bila msaada wowote. Mwezi wa pili hali ni nyingine, hewa ina unyevu mwingi na mtungi haupoi vizuri, basi naweka chupa za dawa ndani ya beseni la maji na kutumbukiza barafu iliyofungwa kwenye mfuko, huku nikisoma kipimajoto hadi kitulie. Kwa nyuzi 24 nasafisha kwa dakika 9. Negativu zangu za sasa zina ukali na ulaini unaolingana na zile zilizosafishwa na studio nzuri za zamani, na nasema hivyo baada ya kuziweka sambamba juu ya kioo chenye taa.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba fiksa na maji ya kusuuzia navyo viwe karibu na joto lilelile. Utando wa dawa juu ya mkanda ni jelatini, nayo hutanuka na kusinyaa. Ukiutoa kwenye nyuzi 24 na kuutia kwenye maji ya tangi la juu ya paa yaliyopigwa na jua la mchana, unautesa bila sababu. Na kazi ya kuupakia mkanda kwenye rili, kigurudumu kinachoingia ndani ya tangi, ndani ya mfuko mweusi ifanyike alfajiri pia. Mchana mikono hutoka jasho ndani ya mfuko ule, mkanda hunata na kugoma kuingia, na mtu akishikwa na hasira huukunja.

Kuhusu maji, najua wengi wetu tunanunua kwa ndoo. Huhitaji kuacha bomba wazi nusu saa. Ilford wenyewe wanaeleza njia ya kusuuza kwa kulijaza tangi: ukiisha kutoa fiksa, jaza maji, geuza tangi mara 5, mwaga, jaza tena, geuza mara 10, mwaga, jaza mara ya tatu, geuza mara 20, mwaga. Lita moja au zaidi kidogo inatosha kwa mkanda mmoja. Mimi huongeza duru ya nne kwa maji yaliyochemshwa na kuchujwa yenye tone moja la sabuni ya vyombo, ili chumvi ya kisima isiache alama mkanda unapokauka. Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha ndani yake, kwa hiyo tusiimwage shambani wala karibu na kisima. Yangu naihifadhi kwenye dumu lililoandikwa, mbali na wajukuu.

Nawakaribisha kuuliza na kunisahihisha.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa picha za harusi. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kamera yangu ni Pentax K1000 niliyoinunua mwaka 1989 kwa ajili ya chama cha picha cha shule. Inafanya kazi vizuri sana hata sasa. Betri yake ndogo ni ya mita tu. Tatizo langu ni macho. Nikivaa miwani ya kusomea sioni vizuri ndani ya kioo cha kutazamia, na nikiivua hali ni ileile. Picha zangu nyingi zinatoka na ukungu kidogo, hasa za watu. Je, nifanyeje? Pia nyuso za wazee wa Eastleigh ninaowapiga wakiwa na kanzu hutoka nyeusi mno.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwalimu wangu. Maswali yako yote mawili nimepambana nayo, na la macho ndilo lililonisumbua kuliko joto.

Kioo cha kutazamia cha kamera nyingi za aina hii kimetengenezwa ili jicho liione taswira kana kwamba iko mbele kwa takriban mita moja. Kijana hulirekebisha jicho lake bila kujua. Sisi tuliovuka hamsini hatuwezi tena, na miwani ya kusomea imepimwa kwa umbali wa kitabu, yaani sentimita 40 hivi, kwa hiyo ni kali mno kwa kazi hii. Nenda kwa mtaalamu wa macho na kamera yako mkononi, umwombe akujaribishie lenzi dhaifu, akianzia na ya +1, wewe ukitazama ndani ya kamera ukutani penye maandishi. Mimi nilitengenezewa miwani ya bei ndogo kwa ajili hiyo tu, nayo hukaa ndani ya mkoba wa kamera. Yako ni rahisi zaidi kuliko yangu, kwa maana Zenit E huonyesha takriban theluthi mbili tu za picha itakayotoka, na kioo chake ni cheusi. K1000 huonyesha sehemu kubwa zaidi na kwa mwanga mwingi.

Lakini katika jua letu kuna njia ya kulipumzisha jicho kabisa. Kwa mkanda wa ISO 400, jua likiwa wazi, weka tundu la lenzi f/16 na shata 1/500. Kwa tundu dogo kama hilo, lenzi yako ya milimita 50 ikilengwa kwenye mita 5 na nusu, kila kitu kuanzia chini kidogo ya mita 3 hadi upeo wa macho kitaonekana vyema. Sokoni na barabarani usilenge tena, panga tu watu wawe mbali nawe kwa hatua nne za miguu na upige. Miongo mingi ya picha za magazeti ilipigwa hivyo. Lenzi yangu ni ya milimita 58, basi naiweka mita 7 na nasimama mbali zaidi kidogo.

Sasa kanzu. Mita ya kamera haijui kwamba ile ni nguo nyeupe. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inakuambia uupunguze, na uso wa mzee unazama gizani. Pima uso, usipime kanzu. Msogelee kwa heshima hadi uso wake ujaze kioo, soma kipimo, kisha rudi ulipokuwa na upige kwa kipimo kile bila kuijali sindano. Kama mzee si mtu wa kusogelewa, kitazame kiganja chako mwenyewe kikiwa kwenye mwanga uleule unaompiga yeye, pima hapo, halafu ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili ya kipimo. Viganja vya watu havitofautiani sana hata kama nyuso zinatofautiana. Usiogope kanzu kuzidi mwanga. Mkanda wa nyeusi na nyeupe huvumilia mwanga uliozidi kwa hatua mbili hata zaidi, na nyuzi za kanzu utazipata wakati wa kuchapisha. Kivuli kisichopata mwanga hakina dawa. Kwa mwanga wa saa sita, wakati macho ya watu yako ndani ya kivuli cha paji la uso, mimi simpigi mtu juani kabisa. Naomba asogee barazani, chini ya kivuli kilicho wazi upande mmoja, na naongeza hatua tatu.

Mchangiaji kutoka Bukoba

Hongera kwa uzi huu wenye faida. Huku kwetu dawa ya ID-11 haipatikani, na kuagiza unga wa kemikali kwa mizigo ya ndege kuna usumbufu. Nilisoma kwamba mkanda unaweza kusafishwa kwa kahawa ya unga. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? Maana kahawa hapa hatununui, tunaipanda.

Mwanzisha uzi

Ni kweli, na hapo Bukoba mmekaa mahali pake. Njia hiyo ilifanyiwa kazi mwaka 1995 katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, darasa la Scott Williams. Kahawa ina asidi zinazoweza kuibadili chumvi ya fedha kuwa fedha yenyewe, kama develapa inavyofanya, mradi maji yawe na uchungu wa magadi. Kanuni niliyoijaribu mimi kwa lita moja ni gramu 54 za soda ya kufulia iliyo kavu, gramu 16 za vitamini C ya unga na gramu 40 za kahawa inayoyeyuka, kwa mfuatano huohuo, dakika 15 kwa nyuzi 20. Nilitumia Africafé ya hapo kwenu. Wenye uzoefu wanasema robusta hufanya kazi vizuri kuliko arabika, na robusta ndiyo kahawa kuu ya Kagera. Harufu yake ni mbaya, hilo nakuonya mapema, na mkanda hutoka na weusi kidogo hata mahali pasipopigwa na mwanga, lakini picha inachapishika.

Tahadhari moja. Soda inayotakiwa ni soda ash, yaani sodiamu kaboneti, ile inayotengenezwa Ziwa Magadi nchini Kenya. Magadi ya kupikia maharage yana kaboneti na bikaboneti pamoja, tena na uchafu wa udongo, kwa hiyo nguvu yake haitabiriki. Ukikosa kabisa, baking soda ya dukani iliyokaangwa kwenye sufuria kavu kwa moto mkali, ikikorogwa hadi iache kutoa mvuke, hugeuka kuwa kaboneti. Tumia sufuria ya chuma au udongo, wala usitumie ya alumini. Na fiksa bado utahitaji ya dukani. Kahawa haiwezi kazi hiyo.

Mchangiaji kutoka Muscat

Assalamu alaykum. Mimi nina asili ya Unguja na narudi nyumbani kila mwaka. Mikanda yangu hupita mashine za uwanja wa ndege mara nne kwa safari moja. Wewe uliyefanya kazi ya mionzi, nieleze ukweli: inaharibika au haiharibiki?

Mwanzisha uzi

Waalaykumu salaam. Hili nalijibu kwa uhakika wa kazi yangu. Mkanda hausahau. Kila mionzi inayoupiga hubaki ndani yake na kujumlishwa na ile ya jana, hadi siku utakaposafishwa. Mashine za zamani za mizigo ya mkononi hutoa kiasi kidogo, na mkanda wa ISO 400 huvumilia kupita mara chache. Mashine za mizigo inayokwenda chini ya ndege ni kali zaidi, kwa hiyo usiweke mkanda kwenye begi kubwa kamwe. Mashine mpya za mizigo ya mkononi zinazopiga picha kwa kuzunguka, zile za mfano wa CT hospitalini, nazo zinaharibu hata kwa kupita mara moja. Toa mikanda yote, iweke kwenye mfuko unaoonekana ndani, na omba kwa upole ikaguliwe kwa mkono. Ukiweza, safisha kabla ya kusafiri. Negativu iliyokwisha kusafishwa haidhuriki tena. Mfuko wa madini ya risasi wa kukinga mionzi hausaidii sana, kwani afisa akiona doa jeusi kwenye kioo atakufungulia begi au atalirudisha kwenye mashine.

Mchangiaji kutoka Tanga

Shikamoo mzee. Baba yangu alikuwa mpiga picha wa mtaani hapa Tanga, amestaafu kazi zote na sasa hukaa barazani mchana kutwa. Baada ya kusoma uzi huu jana nilifungua kabati na kuikuta Yashica yake ya lenzi mbili ndani ya mkoba wake wa ngozi. Ndani ya lenzi kuna kitu kama utando wa buibui. Alipoiona aliichukua mikononi na hakuirudisha. Naomba ushauri, nisije nikampa matumaini ya bure.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Hujampa matumaini ya bure.

Utando huo ni ukungu, yaani kuvu, adui mkubwa wa lenzi katika miji yetu ya bahari. Humea mahali penye giza, unyevu na hewa isiyotembea. Mwombe baba afungue shata kwa kituo cha B, ambapo hubaki wazi kitufe kikishikiliwa, umulike kwa tochi. Ukiona nyuzi chache pembeni, picha haitapungua kitu. Ukiona zimefika katikati, fundi anaweza kuifungua na kuifuta; kuvu ikiwa haijala rangi ya juu ya kioo, lenzi itarudi safi. Lenzi ya juu ni ya kutazamia tu, kwa hiyo usihangaike nayo kwanza, ya chini ndiyo inayopiga.

Kisha isikilize shata kwa kasi ya sekunde 1 na nusu sekunde. Zikikwama, ni mafuta yaliyoganda, na kuipiga mara hamsini bila mkanda wakati mwingine huiamsha. Kama ni Yashica Mat 124G, mita yake ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena, na ya sasa ya volti 1.5 huidanganya, lakini mtu aliyeishi kwa kupiga picha mitaani hahitaji mita, mwulize jua la saa nne linataka kipimo gani na atakutajia. Mkanda wake ni ule mpana wa 120, unaotoa picha 12 za mraba, na sanduku la kutazamia kwa juu lina kioo cha kukuzia kinachofaa sana macho ya wazee. Nina mkanda mmoja wa ziada wa aina hiyo. Niandikie kwa faragha niutume kwa basi la kesho kutwa.

Ule mkoba wa ngozi, mwambie ni mzuri na autunze kwa kumbukumbu, lakini kamera asiifunge tena humo. Ikae juu ya rafu, mahali pa wazi, penye mwanga na upepo.